LED kwenye taa ya pikipiki ya zamani: pima umeme kabla ya kununua balbu

Balbu nyingi za LED zinazofungwa kwenye pikipiki za zamani hapa Tanga hurudishwa dukani zikiwa nzima. Zinacheza-cheza kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka polepole bila kuongezwa mafuta, dereva anadhani ameuziwa feki. Tatizo liko kwenye umeme. Pikipiki nyingi ndogo za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 haziwashi taa kubwa kwa betri, zinaiwasha moja kwa moja kutoka koili ya magneto, kizalisha umeme kilicho kwenye injini, na umeme huo ni AC, unaogeuza mwelekeo kila mara. Balbu ya waya haijali. LED inataka DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri.

Kwa hiyo anza na multimita, mita ya kupimia umeme. Acha balbu ya zamani ikiwaka, injini inanguruma, gusisha ncha za mita kwenye waya wa dimu (mwanga wa chini) na wa ethi, waya unaorudisha umeme kwenye bodi (kwenye Honda ni mweupe na kijani, fulu, mwanga wa juu, ni wa bluu). DC ikisoma volti 12 hadi 14, una bahati, chomeka LED moja kwa moja. Ikisoma 6 au 7, usinunue balbu iliyoandikwa volti 9–32, haitawaka. DC ikiwa karibu sifuri na AC ikapanda, hapo kuna kazi.

Ongeza kasi ya injini taratibu huku ukitazama mita. AC ikipita 15 na kuendelea kupanda, hakuna regyuleta (kifaa cha kuzuia volti isipande) inayofanya kazi. Balbu ya wati 35 ndiyo iliyokuwa inashikilia volti. Inakula karibu ampia 3, LED ya wati 12 inakula ampia 1 tu. Ukipunguza mzigo hivyo, volti inaruka na taa ya nyuma inaungua kwanza. Watu wengi hubadilisha balbu ya nyuma mara tatu kabla ya kugundua hili! Kwenye mfumo wa volti 12, funga kwanza regyuleta ya waya nne, ile ya pikipiki za Kichina aina ya CG.

Kisha weka diodi ya ampia 6, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya unaopeleka umeme kwenye swichi ya dimu na fulu, kabla ya swichi, mstari uliochorwa kwenye diodi ukielekea kwenye taa. Baada ya diodi unga kapasita ya mikrofaradi 4700, volti 35, inayohifadhi umeme kidogo ili taa isicheze: chanya kwenye waya huo, hasi kwenye ethi. Ukigeuza kapasita, itapasuka. Taa ya nyuma iache kwenye AC.

Mwenye BSA au Triumph ya kale achunguze betri: nyingi zina ethi ya chanya, yaani chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na LED ya kawaida haitawaka.

Chumvi ya bahari nayo ina yake. Fungua kopo la taa ya pikipiki inayolala Raskazone, kando ya bahari, utakuta unga wa kijani kwenye soketi; kata waya kidogo, shaba ndani ni nyeusi kama masizi. Msasa hautoshi. Kata hadi shaba inayong'aa, kisha vuta waya mpya wa ethi, milimita 1.5, kutoka soketi hadi kwenye injini. Ethi ya zamani mara nyingi hupita kwenye beringi za usukani.

Kwa soketi ya H4, ile ya balbu moja yenye dimu na fulu, chipu (vidoa vinavyowaka) ziangalie kulia na kushoto, na kikombe kidogo kinachokinga mwanga wa dimu kiwe chini yake. Ikikaa mshazari, mwanga unatawanyika na kumpofusha anayekuja barabara ya Pangani. Pima mita 5 kutoka ukutani, dereva akiwa amekaa: ukingo wa juu wa dimu uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya kimo cha katikati ya taa.