VPN haiwezi kitu intaneti ikizimwa

Ndugu yangu, unauliza kwa nini VPN, ile programu inayokufungulia X (zamani Twitter), ilibaki inazunguka tu, "inaunganisha, inaunganisha", siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. X ilifungiwa Tanzania Mei 2025, lakini hapo intaneti ilikuwepo: VPN ilikupitisha kwenye seva, yaani kompyuta iliyo nje ya nchi. Oktoba ilizimwa intaneti yenyewe, kwa hiyo VPN haikuwa na pa kupita.

Kaa mbali na VPN za bure ambazo humjui mmiliki wake, maana mwenye seva anaona tovuti unazoingia. Ujue pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitaka VPN zisajiliwe tangu 2023. Kwangu hilo ni kumnyima mtu faragha yake. Namba za nyumbani ziandike kwenye daftari, ili intaneti ikizimwa upige simu ya kawaida.