Rara avis: ndege adimu, kituko au wali wa daku?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hotuba ya kumuaga jaji mmoja mwanamama anayestaafu. Imeandikwa kwa Kiingereza, ila katikati mwandishi amemwita jaji huyo "rara avis" bila maelezo yoyote. Mimi niliandika "ndege adimu". Mhariri akafuta, akaweka "kituko". Nani kati yetu amekosea? Na huyo ndege alitoka wapi?

JIBU: Marahaba. Mmekosea wote wawili, ila mwenzako amekosea zaidi. Wewe umewaletea wasikilizaji ndege wasiyemjua, wataangaliana tu. Yeye amemtukana jaji siku ya kumuaga. Kituko huchekwa. Mwenye vituko ni mtu wa kusimuliwa kijiweni, na hakuna anayekabidhiwa cheti cha utumishi kwa ajili ya vituko vyake. Rara avis ni sifa: mtu au kitu ambacho kupata mfano wake ni kazi. Hata anayeitumia kwa utani huwa amekwisha kukubali kwamba huyo anayemtania ana kitu ambacho wenzake hawana.

Nisikucheke lakini. Miaka mingi iliyopita nami niliandika "ndege adimu" katika tafsiri, msahihishaji akanirudishia karatasi na maneno mawili pembeni: "Ndege gani?" Ndipo nikaanza kumtafuta.

Ni Kilatini. Avis ni ndege, rara ni wa nadra. Wakiwa wengi ni rarae aves, ingawa wakishakuwa wengi sijui unadra wao umebaki wapi.

Wengi watakwambia msemo huu ulianzishwa na Juvenalis, mshairi wa Roma ya kale. Yeye aliupa umaarufu tu. Ndege mwenyewe alianzia mezani. Kwenye mwaka 30 KK hivi, mshairi Horatius aliandika shairi la kuwasema walafi wa Roma. Ukiwekewa tausi na kuku, anasema, utamtaka tausi, kwa sababu ndege huyo adimu huuzwa kwa dhahabu na hutandaza mkia uliochorwa ukachoreka. Kisha anamgeukia mlaji na kumuuliza: hayo manyoya unayoyasifia, unayala? Hapo rara avis bado ni ndege kweli, ana nyama na mifupa, na bei yake sokoni.

Persius, mshairi mwingine wa Kirumi aliyefariki mwaka 62 BK kabla hajatimiza miaka 30, ndiye aliyemtoa mezani. Anasema kwamba akiandika, na kwa bahati likatoka jambo zuri (na huyo ni ndege adimu, anaongeza), haogopi kusifiwa. Sasa ndege ni sentensi iliyokaa sawa. Nafanya kazi ya kuandika kila siku na sina la kumbishia.

Halafu ndiyo anakuja Juvenalis, mwanzoni mwa karne ya 2. Shairi lake la sita lina mistari zaidi ya 600 ya kuwasema wanawake, na anayeambiwa ni Postumus, bwana anayetaka kuoa. Juvenalis anamwekea mke wa ndotoni: mzuri, tajiri, mzazi, wa ukoo wa kale, mwaminifu kupita kiasi. Mke kama huyo, anasema, ni rara avis in terris nigroque simillima cycno, ndege adimu duniani, anayefanana mno na bata maji mweusi. Na mstari unaofuata anauliza nani atamvumilia mke mwenye kila kitu! Kwa hiyo sifa hii tunayoitoa leo kwa moyo mweupe, mahali ilipopata umaarufu ilikuwa kejeli. Jaji wako ni mwanamke. Akitokea mtu ukumbini aliyemsoma Juvenalis, atatabasamu, na si kwa sababu uliyoikusudia.

Huyo bata maji mweusi ndiye kiini cha jibu langu. Warumi waliwajua bata maji wa shingo ndefu, na wote walikuwa weupe. Mweusi kwao hakuwa adimu, hakuwepo kabisa. Sasa chukua tashbihi zetu mbili tulizozikariri shuleni kana kwamba ni moja: adimu kama kaburi la baniani, na adimu kama wali wa daku. Si moja hata kidogo. Baniani, kwa maana ya Mhindu, akifa huchomwa, kwa hiyo kaburi lake huwezi kulikuta hata ukizunguka mwaka mzima. Wali wa daku upo na watu wanaushiba, ila ni wa usiku mkubwa na wa mwezi mmoja. Utafute saa sita mchana mwezi wa Shaabani uone. Bata maji wa Juvenalis alikuwa kaburi la baniani.

Mpaka Januari 1697. Mwezi huo nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh alikuwa kwenye mto mmoja magharibi mwa Australia, pale ulipo mji wa Perth leo, na juu ya maji wakaonekana bata maji weusi, midomo myekundu, wakiogelea zao bila habari kwamba wao ni methali ya kutokuwepo. Mto ukapewa jina lao. Jina lao la kisayansi siku hizi ni Cygnus atratus, na atratus maana yake ni aliyevaa nguo nyeusi za msiba. Kaburi la baniani likageuka wali wa daku. Msemo haukubadilika hata herufi, lakini maana ikapata mahali pa kukanyaga: ndege adimu sasa ni ndege anayeweza kuonekana.

Kinachonifurahisha ni kwamba neno letu lenyewe limepita njia hiyohiyo. "Adimu" tumelitoa katika mzizi wa Kiarabu unaohusu kutokuwepo. Ndiyo maana "nadra" na "adimu" hazikuwa ndugu tangu mwanzo, tumewafanya ndugu sisi. Tukisema leo sukari imeadimika hatuna maana kwamba imetoweka duniani. Ipo, ila uijue njia.

(Watu wa fedha nao siku hizi wanamtaja bata maji mweusi kwa tukio kubwa lisilotarajiwa na yeyote. Asili ni huyohuyo, matumizi ni mengine, usiyachanganye katika hotuba ya kumuaga mtu.)

Tahadhari moja zaidi, maana nimeona watafsiri wakidhani ndege wote wa rangi isiyo yao ni sawa. Juvenalis huyohuyo, katika shairi la saba, anasema mwenye bahati ni adimu kuliko kunguru mweupe. Warusi nao wana kunguru mweupe wao, lakini wakimwita mtu hivyo wanamsema mpweke, asiyefanana na kundi na pengine anayedonolewa na kundi. Wafaransa wakimtafuta mfanyakazi mwenye kila sifa humwita kondoo wa miguu mitano. Kondoo huyo ukimleta kwa Kiswahili neno kwa neno, utapata hicho kituko cha mhariri wako.

Haya, uandike nini? Kama hotuba itachapishwa, andika "jaji wa aina yake", basi. Ni fupi, inaheshimu, na haimlazimishi mtu kuuliza ndege gani. Kama itasomwa ukumbini na msomaji ana ulimi mwepesi, mpe "majaji kama yeye ni adimu kama wali wa daku", watu watacheka na sifa itabaki palepale. Ukitaka neno moja lenye uzee wake, "shani" linafaa, ingawa vijana wengi watalisikia kama jina la msichana. "Kioja" usiliguse, liko mlango wa pili kutoka kwa kituko. Na kaburi la baniani uliache kabisa: huwezi kumtajia mstaafu kaburi siku ya kumuaga, na ukumbini huenda akawamo Mhindu ambaye hakuja kusikiliza habari za maziko.

Mhariri akizidi kung'ang'ania "kituko", mwombe aisome sentensi hiyo kwa sauti, jina la mama yake likiwa mahali pa jina la jaji.