Dawa za presha: kwa nini yako si ya jirani

Daktari, mimi nameza amlodipine, jirani yangu losartan. Ipi kali zaidi? (Morogoro)

Si suala la ukali, ni njia zinazopita. Amlodipine hulegeza mishipa ya damu ikapanuka. Losartan huzuia homoni inayoibana. Kwa wengi wetu Waafrika, amlodipine au dawa ya kukojoza hushusha presha vizuri kuliko losartan ikiwa peke yake. Na mara nyingi kidonge kimoja hakitoshi. Utafiti wa CREOLE wa 2019, uliofanyika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba amlodipine pamoja na hydrochlorothiazide (dawa ya kukojoza), au na perindopril (ndugu ya enalapril), hushusha presha zaidi kuliko hydrochlorothiazide na perindopril zikiwa pamoja bila amlodipine. Ila mwenye kisukari ambaye mkojo wake umeanza kutoa protini huhitaji losartan au dawa inayofanana nayo, ili kulinda figo. Huenda jirani yako ndiye huyo.

Tangu nianze enalapril nakohoa kikavu, hasa usiku. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya kifua. (Tanga)

Chupa ya nne usinunue. Dawa zote zinazoishia na "-pril" zinaweza kuleta kikohozi hicho, hata miezi kadhaa baada ya kuanza. Mwambie daktari wako. Kwa kawaida utabadilishiwa losartan, na kikohozi kitakwisha polepole. Lakini kikohozi cha wiki mbili na zaidi kapime TB pia, tusisingizie kidonge kila kitu. Midomo au ulimi ukivimba, usimeze tena, kimbia hospitali.

Amlodipine ya miligramu 10 inanivimbisha miguu jioni. Nimeongezewa Lasix, ile ya kukojoza, wapi! (Mombasa)

Uvimbe huo unatokana na vimishipa vilivyopanuka kuvujisha maji, kwa hiyo Lasix haina msaada mkubwa. Muulize daktari kama unaweza kushuka hadi 5, au kuongezewa losartan, ambayo hupunguza uvimbe. Ukivimba mguu mmoja tu, au pumzi ikikata, nenda ukapimwe haraka.

Nina mimba changa na natumia losartan. Nisubiri kliniki ya mwezi ujao? (Dodoma)

Usisubiri, nenda leo. Losartan na zile za "-pril" hudhuru figo za mtoto tumboni. Utabadilishiwa methyldopa, labetalol au nifedipine inayofanya kazi taratibu.

Presha sasa ni 120/80. Niache dawa? (Kisumu)

Ni 120/80 kwa sababu unazimeza. Endelea.