Unaanza Kijerumani? Anza na wingi

Wanaoniuliza waanzie wapi na Kijerumani huwajibu hivi: usiandike nomino daftarini bila wingi wake. Wengi huuweka wingi kando wakidhani ni sarufi ya baadaye. Kumbe wingi ndio unaokuonyesha neno lenyewe lina sauti gani.

Chukua Rad, gurudumu, na Rat, baraza. Yote mawili hutamkwa "raat". Kijerumani sanifu hakiruhusu b, d wala g kusikika mwishoni mwa neno. Zikifika hapo hukazwa zikawa p, t na k. Hund, mbwa, husikika "hunt", na Tag, siku, husikika "taak". Irabu ya wingi ikiongezwa, sauti ya asili inarudi: Hunde, Tage. Vivyo hivyo Räder hukurudishia d, na Räte hubaki na t yake.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa. Maneno yetu huishia kwa irabu, hivyo ulimi hutaka kuongeza kairabu: "tagi", "hunde". Kwingine hiyo ni lafudhi tu, na lafudhi haina ubaya wowote. Hapa inagusa sarufi, kwa sababu irabu hafifu ya mwishoni ndiyo alama ya wingi: ukisema "hunde" umeshataja mbwa wengi. Wenzangu wanaokuja Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi nawapa zoezi la jozi: Tag–Tage, Hund–Hunde, Dieb–Diebe (mwizi, wezi). Umoja ukate ghafla kwenye konsonanti, wingi uachie. Fanya kwa sauti, si kimoyomoyo.

Wala usiogope sauti kugeuka kwa sababu ya umbo la neno. Unasema ulimi na ndimi, ubavu na mbavu, mtu mrefu na nyumba ndefu, bila kuwaza. Uwezo huo unao tayari. Kijerumani kinauhamishia tu mwishoni na katikati ya neno.

Sikiliza pia maungio. Katika rauchen, kuvuta sigara, ch hutoka nyuma kabisa, karibu na kh ya Kiarabu, kwa kuwa inafuata au. Frauchen, mwanamke mwenye mbwa, ina au hiyohiyo, lakini ch yake ni laini, ya mbele ya mdomo, kwa sababu -chen ni kiambishi cha udogo kilichoungwa. Hakuna herufi inayokuambia hivyo. Inabidi ujue neno limejengwaje.

Lahaja ndizo zilizonifanya nilipende jambo hili. Nyingi za kusini ziliangusha ile -e ya mwisho. Umoja na wingi vingelingana, basi alama ikahamia ndani ya neno: Uswisi mbwa mmoja ni Hund, wengi ni Hünd, siku ni Tag, nyingi ni Täg. Kijerumani sanifu hakina mageuzi hayo katika maneno haya mawili. Kaskazini mwa Ujerumani, kwenye Plattdeutsch, lugha ya wenyeji wa huko, Dag (siku) ina a fupi na wingi wake, Daag, a ndefu. Ninaoupenda kuliko yote ni wa baadhi ya lahaja za Hessen, jimbo la katikati mwa Ujerumani: mbwa mmoja ni hond, wengi ni hon. Wingi mfupi kuliko umoja! Zamani nd iliyokuwa katikati ya irabu ililainika ikawa n, kisha irabu ya mwisho ikaanguka. Katika umoja hapakuwa na irabu baada yake, ndiyo maana d ilisalia.

Kwa hiyo ukipangiwa kazi Baden au Swabia, kusini-magharibi mwa Ujerumani, usihangaike kutafuta -e ambayo haitamkwi. Sikiliza namba inayotangulia, na irabu ya katikati. Mgonjwa akikuambia kichwa kinamuuma "drei Täg", siku tatu, andika kwenye ripoti drei Tage, kisha muulize maumivu yalianza saa ngapi.