Mzee, kumbe leo majaji si siasa?

Swali la wiki lilikuwa hili: "Je, umewahi kugundua kwamba chama chako kimekalia kiti cha imani yako?" Nimewahi, ila aliyegundua si mimi.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Nakuru na kwa miaka mingi nimeongoza maombi ya Jumatano jioni. Huja watu kumi na watano, ishirini mvua isiponyesha. Mji wetu ni wa mchanganyiko: kwenye benchi moja utamkuta Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin na Mluhya, na kila mmoja anadhani anajua kura ya mwenzake iliangukia wapi. Tuliokuwepo mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 1 Januari mwaka huo kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kuokoa maisha, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walishindwa kuisaidia nchi kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Niliposoma ungamo lile nilitikisa kichwa: maaskofu wetu hawa! Haikunijia kwamba hata mzee wa kanisa mwenye kundi la watu kumi na watano ni kiongozi.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta wa chama cha Jubilee dhidi ya Raila Odinga na kuamuru uchaguzi urudiwe. Mimi nilikuwa Jubilee damu. Jumatano iliyofuata niliuliza nani ana la kushukuru, mama mmoja mzaliwa wa Siaya, kwao Raila, akainua mkono, akasema anamshukuru Mungu kwa ujasiri wa majaji. Nikamkatiza kwa ule upole wetu wa kanisani: "Mama, tusilete siasa madhabahuni." Akashusha mkono. Katika daftari langu la maombi siku hiyo niliandika, "Kuombea nchi. Hila za adui." Adui ni nani sikuandika, na hakuna aliyeuliza.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ileile, majaji wote saba kwa kauli moja, ikaidhinisha ushindi wa William Ruto dhidi ya Raila yuleyule. Nilikuwa nimempigia kura. Jumatano nikafungua Warumi 13, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," nikamshukuru Mungu kwa majaji wenye hofu yake, tukaimba wimbo mzima. Watu walipokuwa wakitoka, mama yule alibaki kunisaidia kupanga viti. Akasema bila hasira, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Mzee, kumbe leo majaji si siasa?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo. Kesi hizi mbili hazifanani, ushahidi haukuwa mmoja, mwaka ule majaji waligawanyika. Nilikuwa na hoja nzuri, na bado naziona nzuri. Lakini Warumi 13 ilikuwepo mwaka 2017 pia, na sikuifungua. Nilitoa daftari la zamani kwenye kabati, nikalilaza mezani kando ya jipya. Mwandiko ni mmoja.

Dhambi zinazojulikana, ulevi, wizi, uzinzi, hukuaibisha, kwa hiyo unazificha. Hii haikuniaibisha hata kidogo. Niliiona kuwa ni uzalendo. Siku hizi nikisoma Luka 18 nashtushwa na jambo ambalo zamani nilikuwa nalipita: hakuna mahali tunapoambiwa kwamba yule Farisayo aliyejisifu hekaluni alidanganya. Huenda alifunga kweli mara mbili kwa juma, na zaka alitoa kweli. Takwimu zake zote zilikuwa sawa.

Wapo watakaosema basi Mkristo aachane na siasa. Hapana. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mtumishi wa watawala, na Simoni aliitwa Zelote, jina la waliowapinga, na wote wawili walikula meza moja na Bwana. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia kwenye ibada za Kianglikana, nami, ingawa si Mwanglikana, nilipiga makofi. Lakini waheshimiwa walinyimwa mikrofoni, mimi yangu nikabaki nayo.

Jumatano iliyofuata swali lile la mama nilisimama mbele ya wote nikamwomba mama yule msamaha, nikataja na mwaka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi Mzee, leo kuombea nchi niachie mimi." Alimwombea Rais Ruto kwa jina, afya yake, nyumba yake, washauri wake, mtu ambaye hakumpa kura, na sauti haikumtetemeka. Alipomaliza akanigeukia: zamu yangu. Nilijua kabisa ni nani niliyetakiwa kumtaja. Nikafumba macho nikaanza, "Baba, tunamleta mbele zako na yule kiongozi wetu mwingine..."

Mtu akakohoa. Nadhani ni yeye.

Nikaanza upya. "Baba, tunamleta mbele zako ndugu yetu Raila Odinga."