Wino ulitangulia maji

Swali la wiki hii lilikuwa: "Mwanasheria wa serikali aliyeandika kwamba mateso ni halali, na jaji aliyeyafumbia macho, wawajibishwe pamoja na aliyetesa?" Nasema ndiyo, tena bila kusita.

Nimekuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili. Sijawahi kuona askari magereza akipokea mahabusu bila hati. Jina likikosewa herufi moja, mtu anarudishwa na gari lilelile lililomleta. Ndiyo maana nikisikia kwamba mwanasheria fulani "alitoa ushauri tu", siwezi kukubali. Najua lango linafunguliwa na nini.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Mwaka 2002 shirika la kijasusi la CIA lilikuwa limemshika Abu Zubaydah, mtuhumiwa wa ugaidi, na kumficha katika jela ya siri Thailand. Wahojaji walitaka kumtesa, lakini walitaka karatasi kwanza. Karatasi ilitoka Wizara ya Sheria tarehe 1 Agosti 2002, ikiwa na saini ya Jay Bybee, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya uandishi ilifanywa na John Yoo, wote wawili wanasheria wa wizara hiyo. Iliruhusu mtu afungiwe kwenye sanduku dogo, anyimwe usingizi hadi siku kumi na moja, alazwe chali ubaoni, afunikwe uso kwa kitambaa na kumiminiwa maji hadi ahisi anakufa. Iliruhusu hata kumwekea mdudu ndani ya sanduku, kwa sababu alionekana anaogopa wadudu. Mwezi huohuo alimiminiwa maji yale mara zisizopungua 83.

Waraka mwingine wa siku hiyohiyo ulieleza maumivu gani hasa yahesabiwe kuwa mateso. Yawe, ukasema, kama ya kiungo cha ndani kushindwa kazi, au ya kifo. Kipimo hicho kilichukuliwa kwenye sheria ya mafao ya matibabu, inayoeleza mgonjwa wa dharura ni yupi! Na kesi ya Texas ya mwaka 1983, ambamo serikali hiyohiyo ya Marekani ilimshtaki mkuu wa polisi wa wilaya na wasaidizi wake kwa kuwatesa watuhumiwa kwa maji, hawakuitaja. Karani mwanafunzi akiniletea jalada lililopunguzwa hivyo, namuuliza kurasa nyingine amezipeleka wapi.

Machi 2003 Seneti ilimthibitisha Bybee kuwa jaji wa mahakama ya rufaa, cheo cha maisha. Waraka ulivuja Juni 2004, kura zilikuwa zimeshapigwa. Mwaka 2009 kitengo cha maadili cha wizara yao kiliona kwamba wote wawili walikiuka maadili ya taaluma na kikataka wapelekwe kwenye vyama vya mawakili. Januari 2010 ofisa mmoja mwandamizi akalibatilisha hilo: walikosa busara tu, akasema. Yoo akaendelea kufundisha sheria chuo kikuu.

Kinachoniuma zaidi ni duara lililochorwa hapo. Mhojaji akiulizwa, anasema alifuata ushauri wa wanasheria, na mwaka 2009 serikali ikatangaza kwamba aliyefuata ushauri huo kwa nia njema hatashtakiwa. Mwanasheria akiulizwa, anasema hakumgusa mtu. José Padilla, raia wa Marekani aliyeshikiliwa kijeshi, alimshtaki Yoo, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikampa Yoo kinga, kwa hoja kwamba wakati ule haikuwa wazi bila ubishi kuwa aliyotendewa Padilla ni mateso. Ubishi huo nani aliupalilia? Na mahakama ni ileile ya Bybee, ingawa si yeye aliyeisikiliza kesi.

Mtanzania mwenzetu Suleiman Abdallah Salim alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa Afghanistan, akaachiliwa mwaka 2008 bila shtaka lolote. Mwaka 2017 wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile walilazimika kufikia suluhu naye na wenzake. Waliobuni walifikiwa na sheria, lakini walioidhinisha hawakufikiwa.

Wala jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Juni 1957, Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa koloni la Kenya, alimwandikia Gavana Baring jinsi ya kuwapiga wafungwa wa Mau Mau: wasipigwe kwenye bandama, ini wala figo, na mpigaji awe ametulia. Akaongeza kwamba ikiwa watatenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Machi 1959 watu 11 waliuawa kwa kipigo kambini Hola. Uingereza ilikubali kulipa fidia mwaka 2013, zaidi ya nusu karne baadaye, lakini Griffith-Jones hakuwahi kupanda kizimbani.

Kuhusu majaji sina mengi. Mwaka 1947, huko Nuremberg, majaji wa Kimarekani wenyewe waliwatia hatiani majaji na maofisa wa sheria wa Hitler. Schlegelberger, aliyewahi kuwa kaimu waziri wa sheria, alipata kifungo cha maisha. Nchini Kenya, miaka ya themanini, watuhumiwa wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, waliletwa mahakamani jioni, bila wakili, wametoka kuteswa, wakakiri na kufungwa kwa dakika chache. Hakimu aliyemwona mtu hawezi kusimama na asiulize kwa nini, naye alikuwa sehemu ya kazi ile.

Wapo watakaosema kwamba tukiwashtaki, mwanasheria gani atathubutu kushauri serikali? Mimi sitaki mtu aadhibiwe kwa kukosea tafsiri ya sheria. Nataka ashtakiwe aliyeulizwa kuhusu mtu mmoja, akijua jina lake na sanduku analosubiriwa nalo, akaficha kesi inayokataza, kisha akatia saini.