Kuhusu zile chapati za sungura

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Unauliza kama ni makosa kuwafanyia wanao chapati za maji za vikatuni kila Jumamosi, maana mkweo aliyekuja kuwatembelea kasema unawazoesha kuchezea chakula. Nitakujibu. Ila kwanza ile picha uliyotuma: yule kobe kaungua mgongo. Moto mdogo, mama. Nimelisema hili tangu mko wadogo. Sisi tulikuwa tunashusha tambi za jiko la mchina mpaka karibu lizimike. Wewe una gesi, unazungusha kidole tu, na bado unaunguza.

Kifuniko cha chupa ya tomato, ile ya kuchorea rojo, kitoboe kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Tundu likizidi, rojo inamwagika yenyewe na sungura anageuka ng'ombe. Ukishakoroga iache robo saa, unga unywe maji. Halafu chora mistari kwanza, macho, mdomo, masharubu, uhesabu mpaka arobaini, ndipo ujazie rojo nyingine juu yake. Mistari imetangulia kuiva, kwa hiyo ukigeuza unaikuta ya kahawia na uso umebaki mweupe. Madoa ya fisi, toa rojo kidogo pembeni utie kakao. Na jina liandike kinyumenyume kama la kwenye kioo, kwa sababu upande utakaoliwa kwa macho ndio ulio chini. Kaka yako alilia asubuhi nzima kwa ajili ya herufi moja iliyogeuka.

Hukuniuliza hayo, najua.

Unaikumbuka siku Bibi alipotokea Pangani bila taarifa, kwa basi la kwanza? Ulikuwa na miaka sita, au saba. Mama yako alikuwa hajarudi kutoka zamu ya usiku. Tumekaa chini na jiko letu, wewe kulia, kaka yako kushoto, na kwenye sinia wapo sungura watatu, fisi asiye na mkia, na kobe uliyemchora mwenyewe, ana miguu mitano, ukashikilia kwamba wa tano ndio mkia. Bibi akavua kandambili mlangoni, akalitazama lile sinia.

"Chakula hakichezewi."

Basi. Wala hakupandisha sauti.

Na mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, nikajibu, "Ni huyu, mama. Kanisumbua tangu alfajiri." Nikakuonyesha kwa mwiko.

Hukusema kitu. Ulimchukua yule kobe wako, ukamkunja mara mbili kama chapati ya kawaida, ukamwekea Bibi kwenye sahani. Akamla na chai ya rangi. Akasema chumvi imepungua.

Sijui kama unakumbuka. Kaka yako niliwahi kumsimulia, akacheka sana, nikacheka naye. Wewe nimekuwa nikiahirisha.

Lakini usimwone Bibi mbaya. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa naamshwa gizani kwenda kumshikia nafasi kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa njano. Siku moja mfuko ulichanika njiani. Alipiga magoti akauzoa wote pamoja na mchanga, tukauchekecha kwa ushungi wake, na usiku ule ugali ulikuwa unalia menoni. Mtu aliyepitia hayo ukimwonyesha unga wenye masikio, yeye haoni sungura.

Nikishasema hivyo, najishtukia kwamba namtetea Bibi ili nijifiche nyuma yake. Yeye alisema la moyoni mwake. Aliyesema uongo ni mimi, kwani yule sungura wa kwanza nilimchora mimi, nyie mngali mmelala, kwa raha zangu tu. Na chakula chenyewe kilichezewa wapi? Hakuna kilichotupwa. Kaka yako, ambaye hata uji alikuwa anabembelezwa, alimaliza fisi mzima kuanzia masikioni. Ingawa kweli, sungura mmoja alipoa mkigombea nani amkate kichwa, akaishia kwa kuku. Kwa hiyo siwezi kusema hakuna kabisa.

Kuhusu mkweo sisemi neno. Ni mama wa mumeo, yuko chini ya paa lenu, na mimi niko huku Tanga. Ningekuwa mtu wa kusema ningesema kwamba mwanamke aliyelea watoto watano anajua vizuri tu kuwa... hapana. Sisemi. Mpikie ya duara, isiyo na macho, umpelekee ya moto yeye kwanza. Na akiuliza nani kachora hizi nyingine, usimwonyeshe mtoto.

Chupa yangu ya zamani bado ipo, mama yako anawekea mafuta ya alizeti. Nitamnyang'anya niioshe, nikutumie kwa basi la Jumatano. Tundu lake linafaa.

Wabusu wajukuu zangu. Huyo mdogo mwambie kobe wake nimempenda, hata alivyoungua.

Baba yako